Boga kibarazani, mifupa kwa jirani

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu. Mume wangu ni mtu wa Uvira, Kongo, ila amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na huko ndiko tulikojuana. Tuna watoto watatu. Tunaishi na mama yake mzazi, ambaye alivuka Ziwa Tanganyika mwezi wa kumi mwaka 1996 akiwa na watoto wanne, akafika Tanzania na watatu. Namheshimu sana. Mimi nilikuwa msichana mjinga wa mjini, yeye ndiye aliyenifundisha kutwanga sombe, yaani kisamvu, mpaka ikalainika.

Nyumba hii ya kupanga tumehamia mwaka jana mwezi wa tisa. Kabla ya hapo tulikaa ghorofani, mlango unatazama ukuta. Sasa tuna kibaraza, ngazi tatu na kipande cha majani mbele. Nilifurahi mpaka nikawa nafagia na njia ya wapita kwa miguu, ambayo si yetu.

Shida yangu ni hii Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo watu hupamba nyumba kwa maboga na vitu vya kutisha, na watoto huvaa mavazi ya kuigiza wakipita mlango kwa mlango kuomba pipi. Mwaka jana hatukujua chochote. Ilipofika jioni watoto wakaanza kubisha hodi, mmoja kavaa kama nyuki, mwingine shuka jeupe, wazazi wao wamesimama kule barabarani. Pipi sina. Nikakumbuka nina unga nimeuumua kwa ajili ya chai ya asubuhi. Nikakaanga mandazi mbio mbio, nikayafunga kwenye karatasi za tishu, nikagawa huku nacheka kama mtu aliyepata harusi. Kesho yake naenda kazini alfajiri nikayakuta mawili njiani, moja limekanyagwa. Shangazi, jambo hili sijamwambia mtu hadi leo.

Mwaka huu binti yangu wa miaka 8, nitamwita Furaha, ameanza mapema. "Mama, mtaa mzima una vitu. Nyumba yetu inaonekana kama hakuna mtu." Anataka boga, anataka taa, anataka watoto waje. Nikamwahidi.

Kabla sijanunua hata kitu kimoja, jirani wa mkabala akasimamisha jitu la mifupa, refu kupita mfereji wa bati la nyumba yake. Chini yake kapanga mawe ya makaburi ya sponji na mikono inayochomoza udongoni. Karibu na uzio kuna kitu kingine, ukipita kinawasha macho na kucheka. Mama mkwe alitoka alfajiri kwenda kwenye maombi, hakuna aliyemwonya. Alirudi ndani akakaa kitandani na viatu vyake mguuni. Nilipomuuliza akasema neno moja tu: "Hawa watu hawajawahi kuzika?" Tangu siku hiyo mlango wa mbele haupiti, anazungukia nyuma.

Mume wangu sasa hataki kusikia. Nikimwambia ni boga tu ananijibu, "Ukipenda boga, penda na ua lake. Leo boga, kesho utaambiwa weka jeneza." Mchungaji wetu naye amehubiri kwamba sikukuu hii ni ya shetani. Dada yangu aliyeko Texas ananiambia ukifika kwa wenye chongo fumba lako jicho, pamba na wewe yaishe. Na Furaha ananitazama.

Nipambe au nisipambe? Na kama nikipamba, ninunue nini? Nimetenga dola 60 na siwezi kuzidisha. Naomba unijibu kabla baridi haijashika.

Mama Furaha, Des Moines

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mandazi, maana nimeona umeyaweka katikati ya barua kama mtu anayeficha kidonda kwenye mkunjo wa khanga. Hayakutupwa kwa sababu yako. Wazazi wa Marekani wameambiwa kwa miaka mingi kwamba usiku ule mtoto asile kitu chochote ambacho hakikufungwa kiwandani. Mtoto akirudi nyumbani mfuko unamwagwa mezani, kilicho wazi kinaenda kwenye pipa la taka, hata kingepikwa na nyanya wa jirani. Mimi mwenyewe, miaka hiyo nimetoka Tanga juzijuzi, niligawa kashata za nazi. Nilizikaza vizuri, nikazikata pembe nne, nikajisifu. Mama mmoja alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, na nikamwona kabisa akizitia kwenye mfuko wa koti lake badala ya kikapu cha mwanawe. Ilinichukua miaka miwili kuuliza kwa nini. Usiku ule watoa chakula ni wageni, na wapokeaji ni wageni. Mandazi yako yanahitaji siku nyingine, nitayarudia.

Sasa tuje kwa mama mkwe, kwa sababu hilo ndilo jambo lenyewe, si boga.

Soma tena barua yako. Umeandika kwamba alivuka ziwa mwezi wa kumi mwaka 1996. Vita viliingia Uvira Oktoba ileile. Kwa hiyo kila mwaka siku zilezile ambazo mtaa wenu unachomeka mikono ya plastiki kwenye udongo, huyu mama anahesabu siku zake kimyakimya. Huenda hajawahi kuwaambia. Huenda mmezoea kumwona mzito kila Oktoba mkadhani ni baridi. Mtoto aliyepungua kati ya wale wanne sijui kaburi lake liko wapi, na sikuulizi. Lakini mtu ambaye hakupata kuzika, au alizika mbiombio asiweze kurudi kupalilia, akiona jirani anapanga makaburi ya kuchezea na kuyapiga picha, swali lake ni lile lile alilokuuliza. Ni swali zuri. Mimi sina jibu lake, na nakuomba usijaribu kumjibu kwa "ni mchezo tu, mama."

Kumbuka pia kwamba Kongo wana siku yao. Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi, walio hai na waliotangulia. Asubuhi watu huenda makaburini na majembe na fagio, wanang'oa magugu, wanaosha misalaba, kisha wanarudi kula na wazee walio hai. Huyo mama amekulia kwenye desturi ambayo kaburi hufagiliwa. Hapo mkabala kaburi limeandikwa mzaha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mume wako. Wewe ni mkwe, hata akupende vipi kuna mlango huwezi kuufungua. Yeye ndiye akae naye jioni moja na kumwambia mambo matatu ya kawaida kabisa: kwamba vitu vile ni plastiki na vimenunuliwa dukani; kwamba hakuna anayemkejeli yeye wala wafu wake, ni watu ambao kifo hawajakiona kwa karibu; na kwamba wengi wataviondoa wiki ya kwanza ya Novemba. Nasema wengi. Lile jitu mnaloliona, kama ni lile ninalolidhania, lilianza kuuzwa na maduka ya vifaa vya nyumba ya Home Depot mwaka 2020, urefu futi 12, yaani zaidi ya mita tatu na nusu, bei dola 299, na likaisha madukani mwaka huohuo. Ni zito na kulikunja ni kazi. Kuna watu wanaliacha hadi Krismasi na kulivalisha kofia nyekundu. Bora aambiwe mapema kuliko kuahidiwa kwamba litaondoka.

Akikaa wiki kadhaa halali, au akianza kuota na kupiga kelele, basi hiyo si habari ya mapambo tena. Mwambieni daktari wake. Hospitali nyingi Marekani zinalazimika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Ombeni wa Kiswahili au Kibembe au lugha yoyote anayolilia kwayo, na mkalimani asiwe Furaha.

Nimemaliza la uzito. Sasa nibishane kidogo na mume wako.

Methali aliyoitoa naipenda, ila kaitumia vibaya. Ua la boga tunalijua wote. Ni lile la manjano, linafunguka alfajiri na kusinyaa mchana, na mama mkwe wako bila shaka amelichuma akalipika pamoja na majani yake. Mifupa haikuchanua kutoka kwenye ua hilo. Sikukuu hii ilianzia mbali sana na maboga, huko Ireland na Scotland, kwa watu wa kale walioita usiku huo Samhain. Mavuno yameisha, mifugo imerudishwa kutoka malishoni, giza la baridi linaanza, na waliamini usiku huo ukuta kati ya walio hai na wafu ni mwembamba. Baadaye Kanisa likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na ya Marehemu Wote tarehe 2, na jina Halloween lenyewe lina maana ya usiku wa kuamkia hao watakatifu. Mchungaji wako akisema usiku huo una habari za mizimu ndani yake, hasemi uongo. Sitakuficha hilo ili upate ruhusa ya kununua taa.

Lakini boga halikuwepo. Waairishi walichonga tanipu, mzizi mgumu usiopendeza, wakatia kaa la moto ndani. Walikuwa na hadithi ya mlevi mmoja bahili aitwaye Jack, aliyemlaghai Ibilisi mara kadhaa. Alipokufa peponi hakutakiwa, na kuzimu Ibilisi akamfungia mlango kwa sababu alikuwa amekwisha kuahidi kutomchukua, akamrushia kaa moja la moto atembee nalo. Mpaka leo anazunguka na taa yake ya tanipu. (Hadithi kama hii ungeisikia Kasulu ungesema ni ya Sungura.) Karne ya 19, viazi vilipooza Ireland na njaa ikaua watu wengi mno, waliobaki wakapanda meli kwenda Marekani. Huko wakakuta boga: kubwa, laini, lenye uwazi ndani tayari. Wakaacha kuhangaika na tanipu.

Boga ni la wenyeji wa bara la Amerika. Walililima Meksiko maelfu ya miaka kabla ya Mwairishi wa kwanza kushuka melini, na ni baadaye tu ndugu za boga hilo walivuka bahari pamoja na mahindi na muhogo mpaka wakafika Kigoma na Uvira. Kwenye sikukuu hii boga ni mgeni mwalikwa. Na kwenye mtaa wenu, mtu anayelijua boga kuliko wote, analijua likiwa mbegu, likiwa jani, likiwa ua na likiwa chunguni, ni yule mama anayezungukia mlango wa nyuma.

Umeona ninakoelekea. Katika Oktoba ya Marekani kuna sherehe mbili zilizokaa kibaraza kimoja. Moja ni ya kutisha, nayo inaisha tarehe 31. Nyingine ni ya mavuno: maboga mazima, mabua ya mahindi, maua ya vyunguni, majani mekundu. Hii inaanza mwishoni mwa Septemba na kwenda mpaka Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya shukrani. Hakuna jirani atakayepita akakuta maboga matatu na mganda wa mabua akasema nyumba hii haikupamba. Wewe pamba mavuno, uache mifupa kwa mwenye nayo. Ni chaguo ambalo Wamarekani wengi wenyewe hulifanya kwa sababu za dini au kwa sababu tu hawapendi vitu vya kutisha.

Na dada yako wa Texas mwambie methali inasema fumba jicho, haikusema ling'oe.

Dola 60 zinatosha, ila usiende dukani na Furaha siku ya kwanza, nenda na mama mkwe. Nendeni shambani kama mtapata usafiri. Iowa inaongoza Marekani kwa mahindi, na ukitoka nje ya mji kidogo utakuta wakulima wanauza maboga kando ya barabara, bei mara nyingi nafuu kuliko mjini. Mwache yeye achague. Ataligonga kwa kidole, atabonyeza ganda kwa ukucha, atatazama kama kikonyo ni kigumu na kikavu. Hivyo hivyo ndivyo inavyotakiwa. Waonye watoto wasilibebe kwa kikonyo, kikivunjika boga linaanza kuoza pale pale.

Nunua mawili ya kuchonga na moja dogo tamu la kupika. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yamekuzwa kwa sura: nyama yake ni ya maji, ina nyuzi, haina utamu. Mama mkwe akilipika atadhani Wamarekani wote wamechanganyikiwa. Mwoneshe lile dogo, na lile la rangi ya ngozi lenye shingo ndefu kama kibuyu, hayo atayatambua.

Mabua mkulima atakuuzia kwa mganda, pengine akupe. Yafungeni kwenye nguzo za kibaraza kwa kamba, kichwa juu. Nacheka nikiandika hili, kwa sababu najua atakavyosema: huku watu wanapamba kwa kile tulichokuwa tunawapa ng'ombe. Aseme. Aweke na chungu kimoja cha krisanthemamu, yale maua ya vichwa vingi vidogo yanayojazana madukani wakati huo. Nunua yenye vichwa vilivyofumba, yaliyokwisha kuchanua yanakufa ndani ya wiki. Marobota ya majani makavu usinunue, yakinyeshewa yanavunda na panya wanahamia.

Kuta ni za mwenye nyumba, kwa hiyo misumari hapana. Kuna vikulabu vya gundi vya kubandika mlangoni. Kwa ukuta wa ndani na madirisha tumia majani ya miti, ambayo ni bure. Huku majani yanabadilika rangi kwa sababu siku zinafupika na mti unaacha kutengeneza ule ukijani. Manjano ilikuwepo ndani muda wote, imefichwa, ila wekundu jani linautengeneza wakati wa kufa kwake. Mpe Furaha mfuko akaokote, ayalaze kati ya kurasa za kitabu kizito wiki moja, kisha muyatunge kwenye uzi. Kwetu Tanga neno vuli ni mvua, ni kupanda, ni tope kwenye ndala. Nilipolisikia kwanza likitumika kwa msimu huu wa majani kuanguka nilikataa. Siku hizi nimezoea, ingawa bado nikisema vuli nasikia harufu ya udongo uliolowa.

Kuhusu kuchonga, nitakupa kosa langu usilirudie. Mwaka wangu wa kwanza nilichonga tarehe 12. Kufika tarehe 20 boga lilikuwa limeota ndevu za ukungu na uso umeingia ndani kama bibi aliyevua meno. Lililochongwa linakaa siku chache, wiki kwa bahati. Kwa hiyo mpaka tarehe 28 yaacheni mazima, na usiku wa baridi kali yafunike kwa gunia au yaingize ndani, maana barafu ikiligusa linalainika kama limechemshwa. Kindi watakuja kuyatafuna, hilo huwezi kulizuia, mimi nimejaribu pilipili.

Sasa Furaha achonge lake moja. Si lazima liwe na uso wa kutisha, wala uso wowote. Chukueni kitenge mnachokipenda, nakilini nukta na mistari yake kwenye ganda kwa kalamu, kisha baba yake atoboe kwa drili. Shimo la kutolea mbegu likatwe chini, si juu, halafu mnaliweka boga juu ya taa kama unavyofunika sufuria. Ukwangue ukuta wa ndani uwe mwembamba ili mwanga upite. Taa iwe ya betri. Mshumaa wa moto karibu na mabua makavu na watoto waliovaa mashuka, usithubutu. Mbegu zioshwe, zikaushwe, zikaangwe na chumvi. Hapo utamwona mama mkwe amekaa chini bila kuitwa.

Tumebakiza mlango. Furaha hakusema anataka mifupa. Soma maneno yake: nyumba yetu inaonekana kama hakuna mtu. Anataka hodi ibishwe. Kwenye desturi ya huko, taa ya kibarazani ikiwaka maana yake karibuni, ikizimwa maana yake msibishe, na hakuna anayekasirika. Hiyo ndiyo silaha yako. Washeni watoto wakianza kupita, mama mkwe akichoka au bakuli likiisha, zimeni. Ulizeni mapema siku na saa zilizotangazwa na mji, kwa sababu Des Moines ina mambo yake katika jambo hili. Kwa miaka mingi watoto wenu huko walizunguka tarehe 30, siyo 31, desturi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kupunguza fujo na uharibifu wa vijana. Lakini tarehe imewahi kusogezwa, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana.

Na kuna jambo la Des Moines ambalo limenifurahisha kuliko yote. Kwenye mji wenu mtoto hapewi pipi bure. Anatakiwa kwanza atoe mzaha, na mara nyingi ni fumbo: kitu fulani kilimwambia nini kitu fulani? Mwaka jana labda walikuwa wanakusemesha nawe unakimbilia jikoni kugeuza mandazi. Mwanangu, hicho ni kitendawili! Mji mzima wa Iowa unategeana vitendawili mlangoni usiku mmoja kwa mwaka, na ndani ya nyumba yenu mna mtu aliyejaa navyo.

Mwulize mama mkwe akupe vitano. Furaha avitafsiri, asimame mlangoni na bakuli, na kila mtoto akimaliza mzaha wake, naye amtegee. Kitendawili! Awafundishe kujibu: Tega! "Kila niendapo ananifuata." Kivuli, na usiku wenye taa za mtaani kinawafaa kweli. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Akishindwa mtoto atoe mji kama ilivyo kawaida yetu. Furaha ataipata Chicago usiku huohuo, labda na New York. Mama mkwe si lazima asimame mlangoni. Akae ndani kwenye kiti, pazia la upande wa jirani limefungwa, asikie tu watoto wa Kizungu wanasema "Tega" kwa sauti mbovu. Akikataa hata hilo, mwacheni alale, na sauti zipungue.

Za kugawa nunua pipi zilizofungwa moja moja kwa mfuko mkubwa. Ukiona nyumba imeweka boga la rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, hapo wanatoa penseli na vibandiko kwa watoto ambao mwili unakataa karanga au maziwa. Ni jambo zuri, ukipenda fanya na wewe. Mchungaji wako usibishane naye. Mwambie umepamba mavuno, ukweli mtupu. Makanisa mengine huko yanaegesha magari uani, yanafungua buti na kugawa pipi mchana kweupe. Huenda naye siku moja akapenda.

Limebaki jirani. Usimwombe aondoe jitu lake, katumia dola nyingi na ni haki yake. Mwombe kitu kidogo: kile kinachocheka karibu na uzio kina swichi, akizime asubuhi mpaka jua litoke, kwa sababu kuna bibi anapita kwenda kusali ambaye amewahi kukimbia vita. Sentensi mbili tu. Usimsimulie zaidi, hadithi ile si yako. Watu wengi wakiambiwa hivyo hushtuka, wanaona haya, wanazima. Asipozima, mtajua mmekaa mkabala na nani, na mtazungukia nyuma kwa wiki tatu.

Ila usiende mikono mitupu. Nenda Jumamosi mchana, watu wakionana nyuso, na umwambie jina lako kabla ya kumwambia shida yako. Hapo ndipo pa mandazi, Mama Furaha. Yafunike kwa kitambaa safi, na uyapeleke yakiwa bado ya moto.

Shangazi yako